Ukuta Usiotazamwa

Katika nyumba nyingi za mashambani dari ilikuwa ghala. Mahindi ya mbegu yalipandishwa juu ya meko, yakakaa juu ya fito miezi kadhaa, na moshi wa kila siku ukapenya katikati yake ukiyakausha na kuwafukuza fukusi. Hakuna aliyewaza kuziba nyufa za dari hiyo, kwa sababu nyufa ndizo zilizofanya kazi. Darini mwa nyumba za Uingereza, Kanada na kaskazini ya Marekani pia huwekwa vitu: masanduku ya vitabu, makoti ya msimu wa baridi, kitanda cha mtoto aliyekwisha kua. Lakini huko hesabu imegeuka. Kinachopanda kutoka chini ni hewa yenye joto, imebeba mvuke wa bafu na wa jiko, na nyumba ikishika moto kinachopanda ni moshi unaoua. Mwenye nyumba akiamua kuipa dari yake kuta safi za bodi za jasi, ili vitu vyake visipate vumbi, hukutana mara na swali ambalo mafundi hawaafikiani juu yake: ukuta ambao hakuna mgeni atakayeuona umaliziwe mpaka wapi? Wapo wanaosema bodi zipigiliwe na kuachwa kama zilivyo. Wapo wanaosema kazi ni kazi, ukuta upakwe lipu laini na rangi kama wa sebuleni. Nadhani pande zote mbili zinakosea, na zinakosea kwa sababu moja: zinahesabu umaliziaji kuwa ni mambo ya macho. Ninachotetea katika sura hii ni kwamba kila kiungo cha darini kizibwe kwa utepe na rojo ya kujazia viungo, bila kubakiza hata kimoja, na kwamba hapo kazi isimame.

Ili hoja hiyo ieleweke lazima tuanze na bodi yenyewe. Jasi si ngeni kwetu. Huchimbwa Makanya, wilayani Same, Tanzania, na sehemu kubwa huenda kwenye viwanda vya saruji, ambako hutiwa kidogo ili saruji isigande kabla fundi hajaitandaza. Mafundi wa mijini wanaijua zaidi kwa jina la jipsamu, kwenye dari za mapambo za Dar es Salaam na Nairobi. Jambo ambalo si wengi wanalijua ni kwamba jiwe hili, hata likiwa kavu mkononi, limejaa maji. Si maji ya kulowana. Ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, na kwa uzito yanafikia karibu asilimia 21 ya jasi safi. Bodi ya kawaida ya Uingereza yenye unene wa milimita 12.5, upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4, ina uzito wa kilo kama 24. Basi ndani yake mna lita nne za maji na zaidi. Moto ukiipiga upande mmoja, hauwezi kupita mpaka umeyachemsha maji hayo na kuyafukuza, na wakati wote huo upande wa pili hukaa karibu na nyuzi 100, joto ambalo haliwezi kuwasha mbao. Augustine Sackett alipopata hataza ya bodi yake Marekani mwaka 1894, akipanga tabaka za karatasi na plasta, alitoa kitu chepesi cha kuchukua nafasi ya fito na lipu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, nchi zilipojenga nyumba nyingi kwa haraka, bodi hizo zilienea kwa sababu ya kasi yake. Faida ya moto ilikuja pamoja nazo, na wengi wanaishi nayo bila kujua.

Faida hiyo ina sharti. Bodi huzuia moto pale ilipo bodi. Kati ya bodi mbili pana mwanya, na hewa yenye moto haina haja ya kuchemsha lita nne za maji ikiwa kuna mwanya wa kupitia. Hapa ndipo ninapoachana na wale wa kuacha bodi tupu, na sitegemei maoni yangu peke yangu. Marekani kuna waraka unaotumiwa na wasanifu, makandarasi na wapaka rangi, uitwao GA-214, wa chama cha watengenezaji wa jasi cha Gypsum Association. Unapanga umaliziaji wa bodi katika ngazi sita, kuanzia sifuri hadi tano. Sifuri ni bodi bila chochote, kwa kazi ya muda. Ngazi ya tano ni ukuta uliopakwa rojo laini wote, kwa ajili ya rangi inayong'aa au mwanga mkali unaopita sambamba na ukuta na kufichua kila kasoro. Kinachotuhusu ni ngazi ya kwanza: utepe uliolazwa ndani ya rojo kwenye viungo vyote na pembe zote za ndani, alama za skrepa zikiruhusiwa kubaki. Waraka unataja mahali inapofaa, na darini pametajwa kwa jina, pamoja na nafasi za juu ya dari na ujia wa mabomba ambamo watu hawapiti. Katika baadhi ya maeneo mafundi wanaiita kazi hiyo utepe wa moto. Kwa hiyo waliokaa na kufikiri juu ya ukuta usioonekana hawakuupa sifuri. Waliondoa msasa, waliondoa mikono ya pili na ya tatu ya rojo, waliondoa rangi, lakini utepe hawakuuondoa.

Mwenye shaka atasema: mwanya wenyewe una ukubwa gani? Milimita mbili, tatu? Tuhesabu. Darini pana tatizo ambalo sebuleni halipo: kila kitu lazima kipite kwenye tundu la ngazi. Bodi ya mita 1.2 kwa 2.4 haipiti kwenye tundu la nyumba ya kawaida ya Uingereza, na wauza vifaa huuza pia bodi ndogo za milimita 900 kwa 1,800. Bodi kubwa zikipangwa ukutani, kila mita moja ya mraba huwa na kiungo cha urefu wa mita 1.25. Zikipangwa zile ndogo, urefu huo hupanda hadi karibu mita 1.67. Ni ongezeko la theluthi moja, na hapo hatujahesabu vipande vilivyokatwa kufuata mteremko wa paa. Dari yenye mita 30 za mraba za bodi ndogo ina viungo vya mita 50. Mwanya wa milimita 3 katika urefu huo ni sentimita 1,500 za mraba, yaani dirisha la sentimita 30 kwa 50 lililoachwa wazi usiku na mchana. Ni kweli kwamba viungo vingi hukalia ubao wa pao na haviko wazi moja kwa moja. Ila ubao mkavu uliopinda kidogo haubani bodi kama mpira unavyobana chupa, na viungo vya kukingama, vile vinavyokatiza kutoka pao moja hadi jingine, mara nyingi nyuma yake hakuna ubao wowote. Hata tukisema robo tu ya ule mwanya ndiyo inayopitisha hewa, ni tundu ambalo hakuna mtu angekubali kulitoboa kwa makusudi.

Moto, kwa bahati njema, si jambo la kila siku. Hewa ni ya kila siku, na mimi naiona ndiyo hoja nzito zaidi. Wahandisi wa majengo wa Marekani Kaskazini wana mfano mmoja ambao wamekuwa wakiufundisha miaka mingi. Chukua bodi moja ya jasi ya futi 4 kwa 8 katika nyumba ya nchi ya baridi. Katika msimu mzima wa kuwasha joto, mvuke unaopenya kupitia mwili wa bodi hiyo ni kama theluthi moja ya lita. Sasa toboa katikati yake tundu la inchi moja ya mraba. Katika msimu uleule, mvuke unaobebwa na hewa inayopita tunduni unaweza kufika lita 28. Tofauti ni ya karibu mara tisini, na imetoka kwenye tundu ambalo kidole gumba kinaliziba. Maji hayo huenda mahali penye baridi, na nyuma ya bodi ya darini baridi iko tele: vigae, misumari inayochungulia, mbao za paa. Mvuke ukigusa hapo hugeuka matone. Mbao hulowa, na karatasi ya nyuma ya bodi, ambayo ni chakula kizuri cha kuvu, huota ukungu mweusi mahali ambapo jicho halifiki mpaka siku bodi itakapong'olewa. Anayeacha viungo wazi kwa sababu ghala halina mgeni amesahau kwamba mgeni mkubwa wa ghala ni hewa ya nyumba yake mwenyewe.

Hapo ndipo pingamizi lenye nguvu kuliko yote linapoingia, na linastahili jibu refu. Paa lazima lipumue, wanasema wajenzi wa zamani. Ukiziba dari unalifungia unyevu ndani, na afadhali nyufa zibaki. Wana haki katika nusu ya kwanza. Mapaa ya zamani yalidumu kwa sababu upepo ulipita kutoka upenu mmoja hadi mwingine, na Uingereza mapaa mengi yaliharibiwa na watu waliosukuma pamba ya kuzuia joto mpaka ikaziba upenu. Lakini hewa inayolinda paa ni hewa ya nje, kavu na baridi, ipitayo nyuma ya pamba. Hewa ipandayo kutoka bafuni haina kazi hiyo. Kuchanganya hewa hizi mbili ndilo kosa. Ndiyo maana pamba ikiwekwa kufuata mteremko wa paa, desturi ya ujenzi wa Uingereza ni kuacha nafasi ya milimita 50 kati ya pamba na karatasi nzito iliyo chini ya vigae, wazi upenuni, ili upepo upite. Upande wa ndani uzibwe kabisa, upande wa nje upumue kabisa. Utepe wa viungo uko upande wa ndani; hauzuii pumzi ya paa, unapunguza mzigo ambao pumzi hiyo inapaswa kuubeba.

Pingamizi hilo, hata hivyo, linaniwekea mpaka. Dari nyingi za kuhifadhia vitu ni za baridi: pamba imelazwa sakafuni, katikati ya mbao za dari ya chini, kwa unene ambao Uingereza hupendekezwa ufike milimita 270, na juu yake nafasi yote ina baridi karibu sawa na ya nje. Katika dari ya namna hiyo, ukuta unaozuia hewa ya nyumba si ule wa darini hata kidogo. Ni dari ya chumba cha kulala, pamoja na matundu ya taa, ya nyaya na ya mabomba yaliyotobolewa humo. Atakayefunika mteremko wa paa kwa bodi, akatia utepe vizuri, huku matundu ya chini yako wazi, amejenga sanduku la karatasi lenye baridi na kulipulizia mvuke. Katika hali hiyo ushauri wangu ni kuanza chini: kuziba matundu hayo kwanza, kuona kama mbao za paa zinabaki kavu msimu mmoja wa baridi, kisha ndipo bodi zipande. Na ikiwa majira hayo yanaonyesha matone kwenye misumari, bodi zisubiri.

Sasa niwageukie wa upande wa pili, wale wa lipu laini na rangi. Hoja yao ya kwanza ni heshima ya kazi, nami naiheshimu. Ila ngazi za juu za umaliziaji zilibuniwa kwa ajili ya mwanga. Kiungo kinachoonekana kama mshipa mchana, dirisha likiwa pembeni, hakionekani chini ya balbu moja ya darini nyuma ya masanduku. Kila mkono wa ziada wa rojo una gharama ambayo haitoki mfukoni tu. Uingereza fundi hupaka lipu ya milimita mbili au tatu ukuta mzima. Hiyo ni mizigo ya ndoo zilizojaa maji kupandishwa ngazi nyembamba, na ni uzito unaobaki juu ya kenchi. Kenchi za kiwandani, ambazo nyumba za Uingereza zimezitumia sana tangu miaka ya 1960, mbao zake za chini kwa kawaida hukadiriwa kubeba mzigo wa vitu wa kilo 25 tu kwa kila mita ya mraba. Bodi peke yake ni kilo 8 na zaidi. Kabla ya kuongeza chochote kwenye kenchi za namna hiyo, mhandisi aulizwe, na anayetaka kupunguza uzito aanze kwa kuacha lipu ambayo haina kazi.

Hoja yao ya pili ni mauzo: nyumba yenye dari iliyopakwa rangi inapendeza mnunuzi. Huenda. Lakini mkaguzi mwangalifu anayeikagua nyumba hiyo kwa niaba ya mnunuzi atataka kuona mbao za paa, na ukuta laini uliopakwa rangi juu ya paa linalovuja huficha doa kwa miaka. Ukuta wa utepe na rojo bila rangi huonyesha doa la maji siku chache tu baada ya mvua, rangi ya chai kwenye karatasi ya kijivu au ya malai. Katika ghala hiyo ni faida. Anayetaka weupe kwa sababu ya mwanga anaweza kupaka rangi nyepesi ya maji mkono mmoja baada ya mwaka wa kwanza, paa likishajithibitisha.

Kuna jambo la afya ambalo pande zote mbili hulipuuza. Kazi ya ngazi ya kwanza haihitaji msasa. Rojo ikilainishwa kwa skrepa ikiwa bado mbichi, hakuna cha kusugua. Vumbi la rojo ni laini mno, linaweza kuwa na mchanga wa silika unaodhuru mapafu, na darini halina dirisha la kutokea. Hukaa kwenye pamba na kwenye makoti yaliyohifadhiwa. Katika nyumba za zamani hatari ni kubwa zaidi. Rojo za viungo za Marekani zilikuwa na asbesto mpaka ilipopigwa marufuku ndani yake mwaka 1977, na Uingereza ilikamilisha marufuku ya asbesto zote mwaka 1999. Anayekuta darini viungo vya miaka hiyo asivisugue wala kuvikwangua mpaka vipimwe.

Kwa wenye mikono ya kazi, mambo machache yanaamua kama utepe utashika. Darini joto hupanda na kushuka kuliko sehemu yoyote ya nyumba, mbao hutanuka na kusinyaa, na kenchi zenyewe huweza kujikunja juu kidogo wakati wa baridi zikapasua pembe ya ukuta na dari. Kwa hiyo bodi zifungwe kwa skrubu na si misumari, ambayo hutoka taratibu ubao unapokauka. Utepe wa karatasi, wenye mkunjo katikati, ni bora pembeni kuliko wa nyavu. Hauvutiki, na nguvu yake ndiyo inayozuia ufa. Wa nyavu una urahisi wake, lakini unadai rojo ya unga, ile inayoganda kwa kemikali. Hiyo rojo ya unga ndiyo ninayoipendelea darini hata kwa utepe wa karatasi: huuzwa ya kuganda kwa dakika 20, 45 au 90, hainywei sana, na haingoji hewa kuikausha. Rojo ya ndoo hukauka kwa kupoteza maji, na darini mwa Januari penye nyuzi tano itakaa mbichi siku nyingi, na ikigandishwa na barafu huharibika. Chini ya nyuzi 10 kazi iahirishwe. Mwanya unaozidi milimita tatu ujazwe kwanza, uachwe ugande, kisha utepe. Kingo zilizokatwa hazina ule mteremko wa kiwandani unaoficha utepe, kwa hiyo kiungo kitavimba kidogo, kiachwe kivimbe.

Kwetu Afrika Mashariki mvuke wa baridi si shida, lakini nusu ya hoja hii inasafiri nasi. Fundi wa jipsamu hupiga uso wa chini mpaka unang'aa, na nafasi ya juu, chini ya mabati, haifikiriwi. Katika safu za vyumba vya kupanga, kuta nyingi huishia usawa wa dari, na juu yake nafasi ni moja kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Moto ukishatoboa dari ya mmoja, hukimbia juu ya vichwa vya wote. Ukuta wa bodi uliopandishwa mpaka kwenye mabati kati ya vyumba, viungo vyake vikiwa vimezibwa kwa utepe, hauhitaji kupendeza. Unahitaji kufika juu, na kugusa pande zote.

Na tundu la ngazi lenyewe? Ni kiungo kikubwa kuliko vyote, na ndicho pekee kisichoweza kutiwa utepe, kwa sababu lazima kifunguke. Mzunguko wa kifuniko cha sentimita 60 kwa 60 ni mita 2.4. Kikikaa juu ya fremu kwa uzito wake tu, kikiwa na mwanya wa milimita 3, kinapitisha hewa kupitia sentimita 72 za mraba, zaidi ya mara kumi ya lile tundu la inchi moja ya mraba lililovujisha lita 28. Kibandikwe ukanda wa mpira laini kuzunguka fremu yote, kitiwe komeo mbili za kukivuta chini mpaka mpira ubonyee, na mgongoni kibebe kipande cha bodi ya jasi na pamba nene kama ile iliyolazwa kukizunguka.